Pacha wa Nyamache na Kromosomu Iliyolala

Kijijini kwetu Gesima kila mtu anajua kazi niliyofanya mpaka nikastaafu: nilikuwa nachunguza choo. Nimewaeleza mara nyingi kwamba choo nilichunguza mwanzoni tu, kama kila anayeanza maabara, na kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia kutazama viini vya seli ili nijue nini kimekaa wapi ndani yake. Wananisikiliza kwa heshima. Asubuhi yake jirani anabisha hodi akiwa na kikopo kilichofunikwa kwa nailoni, anasema, "Mama Denis, hebu nitazamie hii, mtoto anaumwa na tumbo."

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa na makoti yenu yaliyopigwa pasi, kama mlikuja kutafuta sifa kijijini, bado hamjachelewa. Nendeni mkajifunze kuendesha lori la majani chai. Dereva wa lori hupungiwa mkono.

Kama bado mko hapa, basi nitawaeleza habari za pacha wawili wa Nyamache. Lakini lazima kwanza niwaonyeshe nilichokuwa nikikitazama, maana bila hicho mtafikiri nawasimulia mambo ya uchawi, na hayo walishayasimulia wengine kabla yangu.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Owino, mtu wa upande wa ziwa, mrefu na mpole, aliyekwenda Nairobi akiwa fundi wa hadubini na kubaki katika chumba chake cha giza mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilipofika kwenye maabara yao ya utafiti nilidhani ataniuliza vyeti. Alinipa kijiti.

"Jikwangue shavuni, kwa ndani," akasema.

Nikajikwangua, nikapaka ute kwenye kioo, tukatia rangi, tukaweka chini ya lenzi. Nikaziona seli zangu mwenyewe, pana na nyembamba kama chapati, kila moja na kiini chake katikati. Kwenye viini vingi kulikuwa na kidoa cheusi kilichobanwa ukingoni, kama mtu aliyegeukia ukuta.

"Nimeharibu rangi," nikasema.

"Hujaharibu. Hiyo ni kromosomu yako moja. Imelala."

Akajikwangua na yeye, akafuata utaratibu ule ule, akatazama. Viini vyake havikuwa na doa lolote. Akatikisa kichwa. "Wanaume tumenyimwa hata doa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Maana yake nilikuja kuielewa polepole. Ndani ya kila kiini kuna uzi wa DNA ambao ukiunyoosha unampita mtu mrefu, nao umekunjwa ndani ya kitu usichoweza kukiona kwa macho. Uzi huo umegawanyika katika kromosomu, na kwenye kila kromosomu kuna jeni, yaani vipande vyenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani cha mwili. Shuleni nilifundishwa kana kwamba vyote hivyo vimemwagwa humo ovyo. Sivyo. Kila kromosomu ina eneo lake. Jeni zilizobanwa ukingoni, karibu na utando wa kiini, mara nyingi zimelala. Zipo, nzima, lakini seli haizisomi. Zilizo ndani zaidi mara nyingi ziko macho, zinasomwa. Ndiyo sababu seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zile zile na hazifanyi kazi moja. Si suala la nini unacho tu. Ni suala la wapi umekiweka.

Hilo neno "mara nyingi" nililipata kwa shida. Nilipoanza kujiona nimeelewa, nikawa nawaambia wageni wa maabara kwamba jeni za ukingoni zimelala, nukta. Owino akanisikia. Kesho yake akaniletea kioo bila kuniambia kimetoka wapi. Nikatazama, nikaona kila kitu kimegeuzwa: zilizolala zimerundikana katikati, zilizo macho ziko pembeni.

"Mtu amechanganya vioo," nikasema.

"Hilo ni jicho la panya," akasema Owino. "Wanyama wa usiku, seli zao za kupokea mwanga hugeuza kiini ndani nje, mwanga upate kupita vizuri. Haya, niambie tena ile sheria yako."

"Mara nyingi," nikasema.

"Hapo sasa."

Kuna swali nililouliza nikiwa kijana kama nyinyi: je, jeni inalala kwa sababu imewekwa pembeni, au imewekwa pembeni kwa sababu imelala? Wakubwa wakaniambia ni swali zuri, jibu liko karibu. Kuna waliochukua jeni wakazifunga ukingoni kwa nguvu waone kama zitanyamaza. Nyingine zilinyamaza, nyingine ziliendelea na kazi kama hazijaguswa. Nimezaa, nimesomesha, nimestaafu, na jibu bado liko karibu. Ninawaachia nyinyi, mkilipata mnipigie simu.

Na mambo mawili ya kazi ya mikono maabara, kabla sijasahau. Rangi tunazotia kwenye seli ili zing'ae gizani zinakufa zikimulikwa, kwa hiyo zima taa unapofikiri. Wengi hufikiri taa ikiwa imewaka, na wakimaliza kufikiri hakuna cha kuona. La pili, usichague seli iliyokufurahisha. Ipo moja kwenye kila kioo, imekaa vizuri, inakubaliana na wewe kwa kila kitu. Hiyo ndiyo itakayokuaibisha.

Sasa Nyamache.

Bwana Owino alipostaafu na kurudi kwao, na mimi nikarudi Kisii, nikaajiriwa maabara ya hospitali. Huko hakuna aliyeuliza jeni imekaa wapi. Tulipima damu, na ndiyo, choo. Siku moja akaletwa msichana wa darasa la saba aliyeitwa Kerubo, kutoka Nyamache. Aling'olewa jino, na damu ikakataa kusimama. Alikaa kwenye benchi midomo imekuwa myeupe, mama yake akimshikia beseni. Kando yake alikaa msichana mwingine mwenye uso ule ule, masikio yale yale, hata kovu la tetekuwanga mahali pale pale, akila ndizi. Huyo alikuwa Bosibori, pacha wake. Bosibori naye aling'olewa jino mwaka uliotangulia. Alirudi nyumbani akacheza mpira wa kati na wenzake.

Ukoo ulikuja na maelezo yake tayari. Baba alisema Kerubo amezidisha kutafuna miwa. Mzee wa kanisa alisema alirudi kuimba kwaya kabla ya kidonda kukauka. Shangazi alisema kuna mtu sokoni aliyemtazama kwa jicho baya. Nikamuuliza kwa nini jicho hilo halikumpata Bosibori, na walikuwa wameshikana mikono. Shangazi alinitazama kama mtu asiye na akili. "Jicho linatazama mmoja mmoja," akasema.

Mama yao alisubiri. Wengine walipotoka kwenda kununua soda, alinifuata kwenye korido.

"Dada, nilikuwa na kaka," akasema. "Alienda kutahiriwa na wenzake. Wenzake walipona. Yeye damu ilitoka mpaka ikaisha. Watu wa kwetu walisema ni jirani aliyemfanyia. Huyo jirani alihama na watoto wake. Tulimfukuza." Akatazama waliko wanawe. "Si yeye, sivyo?"

Nikamwambia ninadhani si yeye.

Daktari wetu wa damu alikuwa ameshafika huko kwa njia yake. Aliposikia habari za kaka, alipima, na ikawa alivyodhani: himofilia, ugonjwa wa damu kukosa kitu kimoja cha kuigandisha. Si ile kali inayoonekana mtoto anapoanza kutambaa. Ilikuwa ile nyepesi, inayojificha miaka mingi na kujitokeza siku ya kisu. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa wanaume tu. Daktari alijua si hivyo, ila alitaka mama aelewe, akaniita.

"Wewe ndiye wa viini," akaniambia. "Mweleze kwa nini mmoja anavuja na mwingine anakula ndizi."

Nikamweleza hivi, na nyinyi sikilizeni. Jeni ya kugandisha damu iko kwenye kromosomu inayoitwa X. Mwanamke anazo mbili, moja ya mama na moja ya baba. Seli haihitaji zote mbili. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo sana tumboni, kila seli inachagua X moja, inaikunja, inaibandika ukingoni mwa kiini au karibu na hapo, nayo inalala. Ndilo lile doa nililoliona shavuni mwangu. Inachagua bila kuangalia, na seli zote zitakazozaliwa kutoka kwake zinafuata chaguo hilo. Kerubo na Bosibori walipata jeni zile zile: X moja nzima, X moja mbovu. Ila kwa Kerubo, seli nyingi zililaza ile nzima. Kwa Bosibori, kwa bahati tu, nyingi huenda zililaza ile mbovu.

Mama alisikiliza vizuri kuliko wageni wengi wa Nairobi. "Kwa hiyo Bosibori pia anayo," akasema.

"Kama ni pacha wa yai moja, na ukiwatazama hutasema vingine, anayo. Ingefaa tumpime."

Akamtazama Bosibori, aliyekuwa amemaliza ndizi na anatafuta mahali pa kutupa ganda.

"Umesema imelala?"

"Ninadhani hivyo."

"Basi iacheni ilale," akasema, na hakukubali mtoto huyo adungwe sindano.

Nilimwambia neno moja zaidi kabla hajaondoka: usingizi haurithiwi. Mwanamke anapotengeneza yai, X iliyolala huamshwa, na mtoto anaweza kupewa yoyote kati ya mbili. Akipata wa kike, atakuwa na ya baba ya kumsaidia. Akipata wa kiume, ana X moja tu, na hana cha kuchagua. Aliitikia kwa kichwa. Nilijua amesikia, na nilijua pia ameamua kutosikia. Msichana mwenye afya anaolewa.

Walikua hivyo, mmoja mgonjwa na mmoja mzima. Kerubo alikatazwa kubeba maji, kucheza kamba, kwenda mbali. Hedhi zake zilimlaza kitandani. Alipomaliza shule akachagua kushona nguo sokoni Nyamache, mtu ambaye damu yake haisimami, akajitafutia riziki kwa sindano na mkasi. Nilipomuuliza, akasema sindano za hospitali zimemzoesha, hizi angalau zinamlipa. Hakuolewa. Bosibori aliolewa hapa Gesima, karibu na kwangu, na Evans, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masimba. Walipata mabinti wawili na mvulana, Brian.

Nilikuwa nimeshastaafu, nimeshazoea vikopo vya jirani, Kerubo alipokuja nyumbani kwangu mwezi wa kumi na moja. Hakunywa chai.

"Mama Denis, Brian anatahiriwa Desemba hii. Pamoja na binamu zake, pale kwa babu yake."

"Bosibori anajua umekuja?"

"Anajua. Ameniambia nisimpelekee ugonjwa wangu." Akakunja kitambaa chake mkononi. "Huyo mtoto akicheza mpira goti linavimba wiki nzima. Wanasema ni mpira. Mimi nayajua hayo magoti."

"Kwa nini usimwambie Evans?"

"Mimi ndiye mgonjwa, mama. Na sina mtoto. Nikisema, itakuwa ni wivu."

Nilimkuta Bosibori shambani akichuma chai, kikapu mgongoni, mikono ikienda mbio. Hakusimama. Alikuwa mwanamke mwenye afya mpaka inakera.

"Nikisema mtoto apimwe, watauliza ametoa wapi," akasema. "Mimi nitasema nini? Sijawahi kulazwa hata siku moja. Walipokuja kuniposa waliuliza kama kwetu kuna ugonjwa. Mama akawaambia hakuna, ni Kerubo tu alizaliwa dhaifu. Sasa nikawaambie ni mimi?"

"Ni jeni, si wewe."

"Huku hakuna mtu anaitwa jeni. Huku kuna mke wa Evans."

Nikafikiri nizungumze na mkuu wa boma, baba yake Evans, Mzee Ombati. Mnapaswa kujua ukubwa wa jambo hilo. Tohara ya wavulana kwetu ni ya wanaume. Mwanamke hupika, husubiri na huimba akiambiwa aimbe. Lakini nilikuwa mzee, nilikuwa mtu wa hospitali, na nilikuwa na elimu ambayo, nilidhani, ikifunuliwa vizuri haipingiki. Nikaenda Jumapili, maana Jumamosi wao ni Sabato.

Mzee Ombati alinikaribisha kwa heshima zote. Tukakaa barazani, yeye anakarabati kikapu cha chai, mimi nikaeleza. Nilieleza X, nikaeleza kiini, nikaeleza ukingo. Nadhani sijawahi kueleza vizuri hivyo maishani mwangu. Hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo mama ana ugonjwa, lakini umelala," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Na mtoto ana ugonjwa, lakini haugui."

"Huenda anao. Ndiyo maana tunataka apimwe."

"Na wewe umeuona huo ugonjwa ukilala ndani ya huyu mama."

"Kwake sijauona. Nimeona kromosomu zikilala kwa watu wengine."

"Kwa watu wengine," akarudia, akakaza uzi wa kikapu. Kisha akanitazama kwa upole wa kweli. "Mama Denis, ulitusaidia sana mwaka ule wa minyoo. Hatujasahau. Lakini haya ni mambo ya wanaume."

Nikaelewa kwamba nimeagwa. Nilikuwa nikitafuta viatu kwa miguu.

Bosibori alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana soni baina yao. Mke hamtazami mkwewe usoni, hali naye meza moja, hazungumzi naye jambo la mwili hata likiwa jino. Kutamka neno tohara mbele yake ni kama kuingia kwake bila nguo. Aliweka chupa chini. Akageuka nusu, akautazama mti wa parachichi uani, akasema na huo mti.

"Tata," akasema. Katika lugha yetu ndivyo anavyoitwa baba. "Kaka ya mama yangu alikufa kwa kisu hicho. Damu ilitoka mpaka ikaisha. Mlipokuja kuniposa mliuliza, mama akawadanganya. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, nikisikia."

Mzee aliacha uzi.

"Mkitaka kunirudisha kwetu mnirudishe," akasema Bosibori. "Lakini Brian apimwe kwanza."

  Mzee Ombati aliuliza, naye akiutazama mti, "Huyo kaka alikuwa na umri gani?"

"Wa Brian."

Mzee akainuka, akaweka kikapu chini, akapita uani kuelekea shambani bila kuaga. Bosibori alikaa kwenye ngazi. Mimi nilifikiri mengi, na yote yalikuwa mabaya: nilifikiri ameenda kuwaita ndugu zake, nilifikiri safari hii ni mimi niliyevunja nyumba ya watu kwa kromosomu. Nilimshika mkono. 

Mzee akarudi akihema, simu mkononi. Alikuwa amepanda mpaka kwenye kilima kilicho juu ya shamba, ambako mtandao hushika.

"Evans anatoka Masimba sasa hivi," akaniambia mimi. "Kesho atampeleka mtoto Kisii." Akaketi, akachukua kikapu chake. Bila kumtazama mke wa mwanawe, akasema, "Mwambie mama Brian chai ilikuwa nzuri."

Chai yenyewe hakuna aliyekuwa ameimimina.

Brian alikuwa nayo, ile nyepesi iliyomuua mjomba wa mama yake. Daktari akamweleza Evans kwamba hakuna kinachozuia tohara. Mtoto ataingia hospitalini, atapewa kwanza dawa ya kile kitu kinachokosekana katika damu, atakatwa, atadungwa tena na kuangaliwa. Evans, ambaye nilitarajia apige kelele nyumbani kwa ajili ya uongo ule wa posa, alishinda siku mbili dukani, kisha akamwambia mkewe kwamba hata wao walificha habari ya amu yake mwenye kifafa. Wakawa sawa.

Brian alitahiriwa na akalala hospitalini mpaka daktari aliporidhika, kisha akarudishwa akae ndani na binamu zake mpaka siku ya kutoka, kama desturi. Binamu walikuwa na habari kwamba yeye alikatwa na mashine ya mwanga kutoka ng'ambo. Hakuikanusha.

Bosibori naye alikubali sindano safari hii. Damu yake ilikuwa nzuri, inaganda kuliko yangu. Akauliza, "Kwa hiyo mimi si mgonjwa?" Daktari akamjibu kwamba damu yake haina tatizo, ila jeni anayo, sawasawa na ya dada yake. Akatoka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi na hajui kama afurahi.

Mzee Ombati sasa anafundisha. Nenda kituo cha kuuzia majani chai siku yoyote, utamkuta akiwaeleza wakulima kwamba ugonjwa unaweza kulala ukingoni kwa mama na kuamka kwa mtoto. Anaeleza kwa uhakika ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Lile neno "mara nyingi" amelitupa. Nimemwacha. Amepeleka wajukuu wengine wawili, dada zake Brian, kupimwa, na mimi kwa maelezo yangu yote sikuwahi kumpeleka hata mmoja. Nyinyi vijana mtaeleza vizuri sana na mtaambiwa asante kwa dawa ya minyoo. Elezeni hivyo hivyo. Atakapotokea mtu mwenye cha kupoteza akasema neno lake, angalau atakuta mmeshafungua mlango.

Siku ya kuwatoa wavulana kulikuwa na watu wengi mno. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, moshi umejaa, sufuria kubwa ya ugali motoni, mboga ya chinsaga ikichemka kwenye maziwa. Kerubo alikuwa amekuja kutoka Nyamache, amekaa pembeni kwenye kigoda anapopaswa kukaa mgonjwa, anachambua mboga. Habari ilikuwa imeshaenea, kama ilivyo kawaida yake, ikiwa imekatika mkia na kuota mkia mwingine. Shangazi mmoja wa Evans, mwanamke asiye na ubaya, aliwatazama wale wawili, uso mmoja juu ya miili miwili.

"Sasa kati yenu," akauliza, "yule mwenye huo ugonjwa ni nani?"

 Kerubo akaanza kuinua mkono, kama mwanafunzi anayejua ataitwa tu.

"Sisi wote," akasema Bosibori.

Kerubo alishusha mkono. Akaendelea kuchambua mboga kwa muda, majani mawili matatu, kisha akachukua mwiko uliokuwa umeegemezwa ukutani na kumnyooshea dada yake.

"Basi songa ugali, mgonjwa mwenzangu," akamwambia. "Nimekuwa mgonjwa peke yangu tangu darasa la saba. Nimechoka."

Bosibori akaupokea, akasonga.